Nani ameshika kalamu kwenye kompyuta ya chama?

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya msingi vya wakulima viliushika usemi huo tangu zamani. Gunia lililopimwa liliandikwa, stakabadhi ilikatwa, nakala moja alibaki nayo mkulima na nyingine ilibaki kitabuni. Daftari lilikuwa moja, kalamu ilikuwa moja, na mwandiko wa karani ulijulikana na kijiji kizima. Namba ikifutwa, karatasi ilibaki na kovu.

Siku hizi daftari hilo linahamia kwenye kompyuta, na hilo ni jambo jema. Jumla za msimu ambazo karani alikesha akizipiga kwenye kikokotoo zinapatikana kwa dakika moja. Mkulima anayetaka kujua deni lake la mbolea hasubiri tena daftari tatu zifunuliwe. Lakini kompyuta imekuja na tatizo lake. Daftari la karatasi hukaa mahali pamoja, mikononi mwa mtu mmoja. Daftari la kompyuta linaweza kufunguliwa na watu watano kutoka vyumba vitatu, na namba iliyobadilishwa haiachi kovu lolote.

Kwa hiyo kuna swali ambalo kila mwanachama anapaswa kuliuliza, hata kama hajawahi kugusa kompyuta: nani anaruhusiwa kulifungua daftari hilo, nani anaruhusiwa kuliandika, na nani aliyeamua iwe hivyo?

Mara nyingi jibu la swali la tatu ni kwamba hakuna aliyeamua. Aliamua fundi, siku alipokuja kufunga mashine, kwa kuchagua njia iliyo rahisi kwake ili awahi gari la kurudi mjini.

Ofisi ndogo, daftari kubwa

Chukua mahali kama Kibaoni, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi. Watanzania wengi walilisikia jina la kijiji hicho mwaka 2008, mwenyeji wake, Mizengo Pinda, alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Wakati ule eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujaanzishwa mwaka 2012. Kibaoni iko kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, upande wa Bonde la Ziwa Rukwa, na wakazi wake wanaishi kwa mpunga, mahindi na biashara ndogondogo. Kwenda Mpanda mjini kutafuta fundi ni safari ya kupita katikati ya hifadhi.

Ofisi ya chama cha msingi katika mazingira hayo haihitaji mitambo mikubwa. Kompyuta tatu zinatosha: moja ya karani anayepokea mazao ghalani, moja ya mhasibu na moja ya meneja. Zinaunganishwa kwa waya kupitia kisanduku kidogo kinachoitwa swichi, au kwa ruta isiyotumia waya. Hakuna ulazima wa intaneti. Kisha kompyuta mojawapo, kwa kawaida ya mhasibu, inatengwa folda ambayo nyingine zinaweza kuifikia. Humo ndimo yanamowekwa mafaili ya pamoja: orodha ya wanachama, mapokezi ya mazao, mikopo ya pembejeo, malipo na hesabu za ghala.

Folda hiyo ni kabati la ofisi. Anayeifungua kwa haki ya kuandika ameshika kalamu ya chama. Ndiyo maana namna ya kuigawa ni suala la utawala wa chama, na bodi ikimwachia fundi imeacha sehemu ya kazi yake.

Njia tatu za kufungua kabati

Kuna njia tatu za kuwaruhusu watu kuingia kwenye folda ya pamoja.

Njia ya kwanza ni kuacha mlango wazi. Kompyuta yoyote iliyounganishwa na mtandao wa ofisi inaingia bila kuulizwa, kama mgeni. Fundi wengi huipenda kwa sababu hakuna anayempigia simu kesho yake kulalamika kuwa amekataliwa.

Njia ya pili ni kuweka neno moja la siri kwenye folda. Anayelijua anaingia, asiyelijua anabaki nje. Njia hii ina umri mkubwa. Windows 95 na Windows 98 zilimpa mwenye kompyuta uamuzi wa kufanya: ama aweke neno la siri kwenye folda yenyewe, moja la kusoma tu na jingine la kufanya kila kitu, ama atoe ruhusa kwa majina ya watu. Lakini ili kutumia majina ya watu, orodha ya majina ilibidi itoke kwenye seva, kama ile ya Windows NT. Ofisi ndogo haikuwa na seva, hivyo ilibaki na neno la siri la folda. Mazoea mengi ya ofisi ndogo yana asili yake huko.

Njia ya tatu ni kumpa kila mtu jina lake na neno lake la siri, halafu kila jina likapewa ruhusa kulingana na kazi yake. Mmoja asome tu, mwingine asome na kuandika, mwingine asilione kabisa faili fulani. Leo njia hii haihitaji seva. Kompyuta ya kawaida yenye Windows za miaka hii inaweza kutunza orodha ya watumiaji wachache wa ofisi na kukagua kila anayebisha hodi. Anayetaka kutumia Linux naye ana Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo inaziwezesha kompyuta za Windows kufikia mafaili yaliyo kwenye mashine ya Linux.

Chama cha wakulima kinapaswa kuchagua njia ya tatu na kuachana na hizo mbili. Sababu inaonekana vizuri zaidi kwenye mfano wa kilo.

Kilo 306 zimekwenda wapi?

Tuseme mkulima amepeleka mpunga ghalani mwezi Juni. Umepimwa, ukapatikana uzito wa kilo 1,340. Karani ameingiza namba hiyo kwenye faili la mapokezi na kumkatia mkulima stakabadhi. Mwezi Septemba malipo yanapoandaliwa, faili linasoma kilo 1,034. Tofauti ni kilo 306. Kwa bei ya mfano ya Sh 900 kwa kilo, hiyo ni Sh 275,400. Kwa kaya ya kijijini hiyo si pesa ya kupuuza.

Huenda hapakuwa na wizi wowote. Tarakimu zimebadilishana nafasi, kosa la kawaida kwa mtu aliyechoka. Lakini huenda pia kuna aliyefanya makusudi. Mkulima akiwa bado na stakabadhi yake, haki yake ina pa kushika. Akiwa ameipoteza, au imeloa mvua, kinachobaki ni faili.

Sasa, kama folda ilikuwa wazi, au ilikuwa na neno la siri moja linalojulikana na karani, mhasibu, meneja, mlinzi na kijana wa steshenari aliyesaidia kuchapa, hakuna awezaye kusema nani aliandika 1,034. Kompyuta inajua kwamba mtu aliingia kwa neno sahihi. Haijui ni nani. Mbaya zaidi, karani mwaminifu hawezi kujitetea. Shaka itawaangukia wote, na kwa kawaida itatua kwa mdogo kuliko wote, yule aliyeajiriwa kwa msimu.

Neno la siri linalojulikana na watu watano halina siri tena. Pia halibadilishwi, kwa sababu kulibadilisha ni kuwazungukia wote watano. Karani wa msimu akimaliza mkataba Agosti, analiondoka nalo kichwani. Kwa njia ya majina, jina lake linafungwa jioni ileile na wenzake wanaendelea na kazi bila kusumbuliwa.

Kuna fujo nyingine ambayo waliowahi kufanya kazi kwenye ofisi za namna hii wataitambua. Watu wawili wakifungua faili moja la Excel kwa wakati mmoja, wa pili huambiwa faili linatumika na kwamba anaweza kulisoma tu. Naye kwa kuwa ana haraka, analihifadhi kwa jina jingine. Baada ya mwezi mmoja folda ina MAPOKEZI, MAPOKEZI MPYA na MAPOKEZI MPYA SAHIHI, na kila moja lina jumla yake. Hapo hata asiye na nia mbaya anaweza kumlipa mkulima pungufu. Haki ya kuandika ikibaki kwa mtu mmoja kwa kila faili, wengine wakasoma tu, fujo hiyo inapungua sana.

Kusoma nako kuna bei yake

Wapo watakaosema suluhisho ni rahisi: waandike wachache, wasome wote. Chama ni cha wanachama, uwazi ni haki yao.

Hoja hiyo ni nzuri lakini ni nusu. Kwenye soko la mazao, taarifa ina bei. Faili la mikopo linaonyesha nani anadaiwa, anadaiwa kiasi gani na anatakiwa kulipa lini. Dalali akilisoma mwezi wa Machi, anajua mlango wa kubisha. Atamfuata mwenye deni na pesa mkononi na kununua mpunga ungali shambani, kwa bei ambayo mkulima asingeikubali kama asingekuwa amebanwa. Faili la ghala nalo likisomwa na mnunuzi mmoja kabla ya wenzake, anajua chama kina mzigo kiasi gani na kinahitaji pesa kwa haraka kiasi gani. Anakuja mezani akiwa ameshaona karata za mwenzake.

Kwa hiyo uwazi unahitaji kupangwa. Jumla za chama ni za wote: kilo zilizopokelewa, bei iliyopatikana, makato na sababu zake, pesa iliyolipwa. Hizo zibandikwe ubaoni nje ya ofisi, zisomwe na kila apitaye. Taarifa ya mtu mmoja ni ya mtu huyo na mtumishi anayemhudumia. Mwanachama akitaka yake, achapiwe karatasi yake.

Sheria nayo imeelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na azitumie kwa kusudi lililozikusanya. Orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu, akaunti na madeni ni taarifa binafsi. Chama kikiiacha kwenye folda iliyo wazi, ni vigumu kudai kuwa kimeilinda.

Daftari litakalosimama mahakamani

Upo upande mwingine wa sheria unaowahusu wakulima moja kwa moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kompyuta kutumika kama ushahidi. Lakini katika kupima uzito wa ushahidi huo, huangaliwa namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, namna ukamilifu wake ulivyolindwa na namna aliyeiandika alivyotambuliwa.

Maana yake kwa lugha ya ghalani ni hii. Chama kikimdai mwanachama deni la mifuko ya mbolea na ushahidi wake ni faili ambalo watu watano waliweza kuliandika kwa neno moja la siri, wakili wa mwanachama atauliza swali moja tu: nani aliandika? Vivyo hivyo mwanachama akikidai chama. Daftari lisilo na mwandishi anayejulikana halimsaidii mdai wala mdaiwa.

Kwa mwizi nako ni hivyohivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa na kuharibu taarifa. Lakini ili mtu aitwe mwingiaji bila ruhusa, lazima kuwe na ruhusa iliyotolewa kwa baadhi na kunyimwa wengine. Kwenye folda iliyo wazi kwa wote, mpaka huo ni mgumu kuuonyesha.

Historia ya ushirika nchini ina somo hapa. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao baada ya malalamiko mengi ya wakulima. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni wanachama kutojua mambo ya vyama vyao na uhaba wa watumishi wenye ujuzi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kompyuta haikuwepo kwenye hadithi hiyo yote. Lakini tatizo lilikuwa lilelile: mwanachama hakujua nani anaandika nini kwa niaba yake. Mashine mpya ikipokelewa kwa mazoea ya zamani, italirudisha tatizo hilo likiwa na kasi zaidi.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kuaminiana. Ofisi ina watu watatu, wote ni ndugu na majirani, kuwekeana maneno ya siri ni kutukanana. Hoja hii inaeleweka, lakini imegeuzwa juu chini. Kutenganisha majina kunamlinda mwaminifu. Siku kilo 306 zitakapopotea, mwenye jina lake ataonyesha alichoandika na ambacho hakuandika. Hakuna mtunza ghala anayetukanika kwa kupewa ufunguo wake mwenyewe.

Hoja ya pili ni dharura. Mhasibu akiugua katikati ya malipo, ofisi itafanyaje kama neno lake la siri analo yeye peke yake? Hili ni swali la kweli na lina jibu. Jina la msimamizi wa kompyuta, lenye uwezo wa kufungua majina mengine, liandikwe pamoja na neno lake la siri kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha, isainiwe mgongoni na mwenyekiti na meneja, kisha ifungiwe kwenye sefu. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe kwenye kitabu: tarehe, sababu na majina ya waliokuwepo. Baada ya hapo neno jipya liwekwe na bahasha mpya ifungwe. Hivyo kazi haisimami, na hakuna anayeingia kimyakimya.

Hoja ya tatu ni gharama. Hapa hesabu ni nyepesi. Uwezo wa kuwapa watu majina na ruhusa tayari umo ndani ya kompyuta iliyokwisha kununuliwa. Kinachohitajika ni siku moja ya fundi anayejua kazi yake na karatasi moja yenye maelekezo ya bodi. Ikilinganishwa na Sh 275,400 za mkulima mmoja kwenye mfano ule, gharama hiyo ni ndogo.

Hoja ya nne ni kwamba mambo yote sasa yanahamia kwenye mifumo ya Serikali. Ni kweli Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wa kidijitali wa usimamizi wa vyama, maarufu kwa jina la MUVU. Na tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imekuwa ikitolewa kwa wakulima waliosajiliwa kidijitali. Lakini kabla namba haijafika kwenye mfumo wowote mkubwa, inaanzia kwa mtu aliyesimama kwenye mizani. Ikipotoshwa hapo, mfumo mkubwa utaitunza ikiwa imepotoka. Na ofisi iliyozoea kuazimana maneno ya siri kwenye folda yake itaazimana hata kwenye mfumo wa Tume.

Mpangilio unaofaa

Bodi inayotaka kulitengeneza jambo hili inaweza kulimaliza kwa kikao kimoja. Ichore jedwali kwenye karatasi. Upande mmoja iandike mafaili: wanachama, mapokezi, mikopo, malipo, ghala, mihtasari ya vikao. Upande wa pili iandike kazi, siyo majina ya watu: karani wa mapokezi, mhasibu, mtunza ghala, meneja, bodi. Kila panapokutana faili na kazi, iandikwe moja kati ya herufi tatu: A kwa anayeandika, S kwa anayesoma, na H kwa asiyehusika.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila faili liwe na A moja tu. Karani wa mapokezi aandike mapokezi, mhasibu asome tu. Mhasibu aandike malipo, karani asihusike. Kanuni ya pili ni ya wahasibu wote wa zamani: anayepokea mzigo asiwe ndiye anayelipa. Meneja asome yote, lakini asiwe mwandishi wa mapokezi wala malipo. Huyu ndiye anayesahauliwa mara nyingi, kwa kuwa fundi humpa mkubwa wa ofisi kila kitu kama heshima. Heshima ya meneja ni kuweza kuona kila kitu na kutotiliwa shaka kwa chochote.

Fundi apewe jedwali hilo na kuambiwa alitafsiri kwenye kompyuta. Aunde makundi kwa kazi, kisha awaingize watu kwenye makundi. Msimu ujao karani mpya akija, ataingizwa kwenye kundi la mapokezi na wa zamani ataondolewa, bila kugusa kitu kingine.

Yapo mambo matatu ya kiufundi ambayo mwenyekiti anapaswa kuyajua ili aweze kumuuliza fundi. La kwanza, Windows hukagua ruhusa sehemu mbili: kwenye mlango wa folda inayoshirikiwa na kwenye faili lenyewe. Kwa anayeingia kupitia mtandao, ruhusa yenye masharti makali zaidi ndiyo inayofuatwa. Lakini aliyekaa mbele ya kompyuta yenye folda hapiti kwenye mlango ule. Kwa hiyo ruhusa ziwekwe kwenye mafaili pia, na kompyuta hiyo isiwe ile ya kaunta ambayo kila mpita njia anaikalia kuchaji simu.

La pili, faili likinakiliwa kwenye flashi linatoka nje ya ulinzi wote huo. Flashi ikipotea njiani kwenda Mpanda, imepotea na orodha ya wanachama. Mwenye kutoa nakala awe mmoja, na iandikwe.

La tatu ni virusi. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilitumia udhaifu katika mfumo wa Windows wa kushirikiana mafaili na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Virusi vya aina hiyo vikiingia kwa flashi au barua pepe, kwa kawaida huharibu mafaili ambayo mtumiaji aliyeingia anaweza kuyaandika. Kila haki ya kuandika iliyotolewa bila sababu ni mlango wa ziada. Ofisi zinazotumia Windows 10 zikumbuke pia kuwa Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa toleo hilo Oktoba 14, 2025.

Hata hivyo ruhusa peke yake haitoshi. Mwenye haki ya kuandika mapokezi anaweza kubadilisha namba ya Juni mwezi Septemba, na faili la kawaida halitasema. Dawa yake ni kufunga siku. Jioni kazi inapokwisha, ukurasa wa siku uchapwe, usainiwe na karani na mtunza ghala, na nakala ya faili la siku hiyo iwekwe kwenye folda ambayo wote wanasoma na hakuna anayeandika, hata karani mwenyewe. Kosa likigunduliwa baadaye, lisahihishwe kwa mstari mpya wenye tarehe mpya, kama ilivyokuwa kwenye daftari la wino. Umeme ukikatika au mashine ikiharibika, karatasi zile ndizo zitakazoendesha malipo.

Wafanyabiashara nao wasijione hawamo. Duka la pembejeo lenye kompyuta mbili, au mashine ya kukoboa mpunga inayotunza mizigo ya watu, ina swali lilelile. Muuzaji wa kaunta anahitaji kusoma bei na kuandika mauzo. Hahitaji kuandika bei, wala kuona faida ya mwenye duka. Mwenye duka asiyetenganisha hayo huja kugundua siku ya kuhesabu mali kwamba daftari na rafu havipatani, na hana wa kumuuliza kwa haki.

Swali la mkutano mkuu

Wanachama wengi hawatawahi kuiona folda hiyo, na si lazima waione. Kazi yao ni kuuliza. Katika mkutano mkuu ujao, baada ya taarifa ya mapato na matumizi, mwanachama mmoja anyooshe mkono na kusema: Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba kujua ni nani anaandika kwenye faili la mapokezi, nani anaandika kwenye faili la malipo, na bahasha ya neno la siri iko wapi.

Mwenyekiti akiweza kujibu kwa majina matatu, chama kina daftari. Akimgeukia meneja, na meneja akasema aulizwe fundi, wanachama waagize jedwali liandaliwe, lipitishwe na bodi na liingizwe kwenye muhtasari, ili mkaguzi atakapokuja alikute na alipime dhidi ya kompyuta yenyewe. Kazi hiyo ifanyike kabla mizani haijatolewa nje msimu ujao. Mpunga ukishaanza kuingia ghalani, hakuna atakayekuwa na muda wa kuulizana nani ameshika kalamu.